Ticha, mtu niliyemjua leo leo namuagaje kwa Kiingereza?

SWALI: Shikamoo Ticha. Juzi kwenye semina nilikaa na mama mmoja Mwingereza tukapiga stori vizuri tu, sasa wakati wa kuondoka akanipa mkono akasema "It was lovely meeting you", mi kwa haraka haraka nikajibu "Me too" halafu nikamalizia na "Farewell", akacheka kidogo akaenda zake. Hivi nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kicheko ni cha hiyo "Farewell", manake hilo ni neno la vitabuni na la kwenye sherehe za kumuaga mstaafu, mtu mliyekaa naye saa mbili ukimwambia hivyo ni kama unamsindikiza haonekani tena. Na "Me too" ilienda kombo, yeye kasema kafurahi kukutana na wewe, sasa na wewe umefurahi kukutana na nani, na wewe mwenyewe? Ungesema "You too" au "Nice meeting you too", basi.

Halafu kuna hili linawachanganya wengi: "Nice to meet you" ni ya mwanzo, mkitajiana majina, ila "Nice meeting you" ni ya kuondokea. Mkionana mara ya pili meet unaiacha, unasema "Nice seeing you".

Ila usikurupuke na bye tu. Si unajua sisi tunaanza na "haya bwana, ngoja nikuache"? Na wao wanayo, "Well, I'd better get going", unaitanguliza, mwenzio anajiandaa, ndo unaaga. "Take care" inafaa karibu kila mahali. "Goodbye" yenyewe imetokana na "God be with ye", yaani Mungu awe nawe, ila siku hizi inasikika nzito kidogo, wengi wanasema "bye" tu. Usiku wakati wa kuondoka ni "Good night", ukiitumia kuingilia watashangaa, ya kuingilia ni "Good evening".

Na akikwambia "See you later" usikae unamsubiri jioni, hiyo ni tutaonana tu, haina saa wala siku. "Let's keep in touch" iseme kama mmepeana namba, bila namba mtawasilianaje sasa?

Kama huyo mama alikuachia imeili mwandikie mstari mmoja tu, "It was lovely meeting you too", hiyo Farewell hata usiitaje.