Usikague vidakuzi vyote, lenga kile cha kikao

Pole sana kaka. Unasema tovuti yenu ya kuhifadhi nafasi za safari hapo Arusha inawakatalia wageni halali tangu uliposhika AWS WAF (kichujio cha Amazon kinachokagua maombi yanayokuja kwenye tovuti) na kuiambia ikague vidakuzi vyote, yaani vipande vya data ambavyo kivinjari huvituma kwa tovuti, kwa kanuni ya kunasa amri za SQL zilizochomekwa ili kuishambulia hifadhidata. Nadhani tatizo liko hapo kwenye "vyote". Vidakuzi vya takwimu na matangazo hubeba mabano, nukuu na alama za asilimia, na kanuni ikiziona inadhani ni shambulio. Taja kidakuzi kimoja, kile cha kikao (kinachomtambulisha mteja aliyeingia) ambacho programu yenu inakisoma, na ukague thamani yake tu. Ongeza hatua ya kufumbua usimbaji wa URL (alama kuandikwa kwa asilimia na namba), maana alama ya nukuu huja imejificha kama %27.

Sasa hili ndilo linaloniumiza kichwa kila mara: WAF hiyo husoma baiti 8,192 za mwanzo za vidakuzi, na visivyozidi 200. Mtu akijaza takataka mbele, sumu inapita nyuma. Kwa hiyo kwenye kanuni ya kuzuia, chagua kwamba ombi lililozidi kipimo lihesabiwe limelingana na kanuni, yaani lizuiwe.

Usianze kuzuia leo. Iache ihesabu tu maombi yanayonaswa bila kuyazuia kwa wiki moja, usome kumbukumbu (log) zake, ndipo uzuie. Msimu wa Julai na Agosti kumpoteza mgeni ni hasara kubwa. Humo kwenye kumbukumbu ficha kichwa cha Cookie (sehemu ya ombi inayobeba vidakuzi), kwa sababu atakayepata kidakuzi cha kikao anaweza kuingia kama mteja.

Na mwambie fundi wenu asiunganishe thamani ya kidakuzi moja kwa moja kwenye SQL. Atumie vigezo, yaani thamani ipelekwe kando na amri yenyewe.