Vichwa vya jedwali vinanigomea

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nina orodha ya wanachama kwenye Excel. Juu kabisa kuna jina la chama, nimeunganisha seli likae katikati. Chini yake neno "Anwani" limefunika safu tatu: Mtaa, Mji, Sanduku la Posta. Linapendeza, ila nikiteua karatasi nzima niipange kwa majina, inakataa, eti seli zilizounganishwa lazima zilingane ukubwa. Nikiprinti, ukurasa wa pili hauna vichwa. – Katibu

JIBU: Katibu, nzuri tu. Kinachokusumbua ni hizo seli zilizounganishwa. Kitufe cha "Merge & Center" kimewekwa mbele ya macho mno; ningekuwa na amri ningekificha.

Tengua miunganisho yote. Kisha teua seli za mstari wa juu kuanzia lilipo jina la chama hadi safu ya mwisho, bonyeza Ctrl na 1, fungua "Alignment", na kwenye "Horizontal" chagua "Center Across Selection". Jina litakaa katikati vilevile, na kila seli itabaki inajitegemea.

Neno "Anwani" lifute. Nani atasoma Mtaa na Mji asijue ni anwani? Vichwa vya safu vikae mstari mmoja tu, kila safu na chake, na kati yao na jina la chama uache mstari mtupu. Ukitaka kupanga, usiteue karatasi nzima. Bofya seli moja ndani ya orodha, na Excel itaishia kwenye huo mstari mtupu yenyewe.

Kichwa kirefu usikipanulie safu. Ukiandika "Tarehe ya kujiunga", weka kasa (kile kistari kinachomweka pa kuandika) baada ya "ya", bonyeza Alt na Enter, "kujiunga" litashuka chini ndani ya seli ileile. Safu za tarakimu, kama michango, vichwa vyake visukume kulia viwe juu ya tarakimu zenyewe. Herufi nene na rangi moja hafifu zinatosha. Orodha zenye rangi saba huwa nazifunga kabla sijazisoma.

Kuhusu kuprinti, nenda "Page Layout", kisha "Print Titles". Kwenye "Rows to repeat at top" bofya namba ya mstari wa vichwa. Kama ni wa tatu, itajiandika $3:$3. Wengi hukimbilia "Freeze Panes", lakini hiyo hushikilia vichwa kwenye skrini tu. Printa haina habari nayo.