Breki Zilizoganda: Gurudumu Kuzunguka Siyo Mwisho wa Kazi

Vijana, nawapenda, lakini kuna jambo mnalirudia hadi linaniuma. Gari la zamani limelala miaka bandani, linatolewa, gurudumu moja halizunguki. Mmoja anaingiza gia na kuachia klachi kwa pupa, mwingine anafunga kamba livutwe na pikapu. Paa! Gurudumu linaachia, mnapongezana, na jua halijazama gari liko barabarani.

Mlio ule mara nyingine ni lainingi, ule utando unaosugua, imebanduka kwenye brekishu, kile chuma kilichopinda kinachoubeba. Imebaki imeshikana kwa kutu na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, na sasa kipande kizima kinazunguka humo ndani kikitafuta pa kukwama. Kitapapata, na gari litakuwa kwenye mwendo.

Sitawafundisha kupiga jeki wala kufungua nati, hayo mnayajua. Stendi mnazijua pia, ingawa kila nikigeuka namkuta mtu kalala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Toka huko kwanza, halafu usome.

1. Jua kilichoganda kabla hujashika nyundo. Inaweza kuwa kutu kati ya brekishu na dramu, hasa kama mwenye gari aliliacha na breki ya mkono imevutwa. Inaweza kuwa kebo ya breki ya mkono iliyokufa ndani ya ala yake, au pistoni iliyoshikana na silinda. Au ni hosi, na hii ndiyo mnayoisahau. Legeza nipo, kile kiskrubu cha kutolea upepo, kwenye gurudumu lililokamata. Mafuta yakiruka na gurudumu likalegea, ujue kuna presha iliyonaswa. Sasa hamia mwanzo wa hosi, upande ulio mbali na gurudumu: likikamata tena, legeza maungio ya bomba pale hosi inapoanzia. Lisipoachia hapo, lakini likaachia kwenye nipo, hosi imevimba ndani, inapitisha mafuta yakienda na kuyakatalia kurudi. Siku ukiipata ya namna hiyo, ipasue kwa kisu kabla ya kuitupa. Nje nyeusi, nzuri, haina hata ufa. Ndani tundu limebaki la kupitisha sindano. Ukishaiona hiyo kwa macho yako hutamwambia tena mteja kwamba hosi zake bado nzima.

2. Dramu haing'olewi kwa hasira. Rudisha ajasta kwanza, ile skrubu inayosogeza brekishu karibu na dramu, maana dramu iliyolika ina ukingo, na brekishu zimekaa nyuma ya ukingo huo. Mafuta ya kulainisha kutu yape usiku kucha. Gonga uso wa dramu, katikati ya stadi zinazoshika nati za gurudumu, na usiguse mdomo wake: kile ni chuma cha kumimina, kinameguka. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi, wala hayakuwekwa kwa urembo. Ingiza bolti mbili, kaza hii kidogo na ile kidogo, itajisukuma yenyewe. Kwenye Volkswagen Beetle, nati ya ekseli ya nyuma ya namba 36 ilegezwe gari likiwa chini, si juu ya stendi.

Na lile vumbi! Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999 tu, kwa hiyo gari la miaka ya 60 lichukulie kwamba linayo. Usipulize kwa kompresa, usipige brashi kavu. Lowesha, futa kwa kitambaa, kitambaa kiingie kwenye mfuko na ufungwe. Madhara yake huonekana baada ya miongo, ndiyo maana hakuna kijana anayeogopa. Mimi nawaogopea.

3. Usikanyage pedeli hadi sakafuni wakati wa kutoa upepo kwenye masta ya zamani, ile pampu kuu inayosukumwa na pedeli. Miaka yote mpira wake umekuwa ukitembea sehemu ileile. Huko mbele kuna kutu na uchafu ambao haujawahi kuguswa, na mpira ukipita hapo unachanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedeli.

4. Nipo iliyoshika: pasha moto kwa kiasi, tumia soketi ya pembe sita, kaza kidogo kwanza ndipo ulegeze, ukienda mbele na nyuma.

5. Hapa nawaomba mtulie, kwa sababu ndipo nilipokosea mimi, na nimewaona wawili wenu mkielekea hukohuko.

Nilikuwa nimefungua mfumo mzima wa gari la zamani, masta na silinda zote za magurudumu. Silinda nilizisafisha zikang'aa, mipira ilikuwa mipya. Wakati wa kufunga, girisi maalumu ya mipira ya breki ikawa imeisha. Nikaiosha ile mipira kwa petroli, nikaipaka oili safi ya injini, kama ninavyopaka pistoni za injini. Nilikuwa nimeambiwa kwamba oili haitakiwi kwenye breki. Nilijiambia kidogo hakidhuru.

Pedeli ilikuja juu, ngumu, nzuri. Nikakabidhi funguo nikiwa na fahari.

Baada ya siku kadhaa mwenye gari alirudi akasema gari limekuwa zito. Nilipaswa kusimama hapo. Badala yake nikarudisha ajasta kidogo, nikamwambia brekishu mpya hubana mwanzoni, ataona zitakaa sawa. Akaniamini, maana mimi ndiye fundi.

Breki zilijikamata zenyewe akiwa njiani na familia yake. Pedeli ngumu kama jiwe, moshi magurudumu ya mbele, gari linapunguza mwendo na mguu wake hauko popote karibu na breki. Aliwahi kulitoa pembeni. Nilipofungua masta nilielewa kila kitu. Mipira ilikuwa imenyonya oili, imevimba na kulegea kiasi kwamba nilipoitoa haikukubali kurudi kwenye silinda ileile. Ule mkuu ulikuwa umefunika kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kwenye chupa. Mafuta yakipata joto yanatanuka, hayana pa kurudi, yanasukuma brekishu, brekishu zinaongeza joto, na mzunguko unaendelea hadi gari lisimame. Na lilikuwa gari la masta ya chumba kimoja. Marekani ilianza kulazimisha mfumo wa njia mbili kwenye magari mapya mwaka 1968; mengi ya kabla ya hapo, mpira mmoja ukichanika, magurudumu yote manne hayana breki. Hilo lingetokea kwenye mteremko, leo nisingekuwa nikiwaandikia nyinyi.

Yule mzee hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Fundi, ulikuwa unajua?" Nikamjibu ndiyo.

Oili ikishaingia, haitoshi kubadili mafuta. Nilitoa kila mpira, kila hosi, bomba zote nikazisafisha kwa spiriti, kwa gharama yangu. Anayedhani natia chumvi achukue mpira wa zamani wa breki, autumbukize kwenye petroli, kesho aulinganishe na pacha wake.

6. Pistoni iliyoshika kwenye kalipa, kile kibanio cha breki za diski, itoe kwa presha ya mafuta, kwa kukanyaga pedeli polepole kabla hujafungua hosi. Kompresa huirusha, na vidole vyenu mnavihitaji.

7. Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni ukoo mmoja na hunyonya unyevu. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na maji hayohayo ndiyo yaliyokula silinda gari likiwa limelala. DOT 5 ni silikoni, usiichanganye na hizo. Na Citroën zenye mafuta ya kijani ya LHM ni dunia nyingine kabisa: hayo ni ya madini, ukitia DOT humo umeua mipira yote.

Mkimaliza, jaribuni uwanjani kwanza, mwendo wa kutembea, kisha mzunguko mfupi bila abiria. Mkirudi, pitisheni kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lenye joto kuliko mwenzake wa upande wa pili linarudi kwenye stendi leo, hata kama mwenye gari amesimama mlangoni anasubiri. Na gari likienda kulala tena: mafuta mapya ya breki, vigingi kwenye magurudumu, breki ya mkono ikiwa imeachiwa.