Nyumba Ikinuka na Huoni Uchafu

Mamangu alizaliwa Mombasa, kwa hiyo kwake kila tatizo la harufu lina dawa moja: chetezo, makaa na udi. Siku wageni wa posa ya dada yangu walipokuja alianza kufukiza tangu alfajiri, moshi ukawa unatoka madirishani mpaka jirani akachungulia ukutani kuuliza kama tunaungua. Wageni wakaingia, wakakaribishwa, wakasifu mapazia. Ndipo kitoto chao kimoja, cha miaka minne hivi, kikakunja pua na kuuliza kwa sauti ya kusikika jikoni: "Mama, mbona choo chao kimejipaka marashi?"

Posa ilipita salama. Ila jioni ile niliapa kwamba harufu ile itaondoka, hata kama itabidi nibomoe ukuta. Nusura nibomoe kweli.

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Buruburu, Nairobi, zile za ghorofa moja zilizoanza kujengwa miaka ya 1970. Kama nyumba nyingi za mtaa huu, yetu imeongezwa na kuongezwa: jikoni limesogezwa nyuma, vyumba viwili vikaota uani, na paa la mabati likafunika pale palipokuwa pa kuanikia nguo. Weka hilo la nyongeza akilini, nitalirudia.

Harufu ilikuwa ya mayai viza na kitambaa cha kuoshea vyombo kilicholala na maji siku tatu. Haikukaa mahali pamoja. Mchana wa jua huisikii, usiku inakupokea kwenye ngazi. Inapotea Jumapili nzima, Jumatano inarudi na hasira. Tulianza kulaumiana, kwa sababu harufu isiyo na chanzo humtafuta mtu. Mara watoto hawavuti maji chooni, mara kuna panya amefia darini, mara ni wapangaji wa jirani.

Tukasafisha, bila shaka. Tulimwaga magadi ya kuokea kwenye matundu yote, siki juu yake, povu likapanda, watoto wakafurahi. Sisemi haifai. Kama kinachonuka ni ule utelezi mweusi unaoota ndani ya tundu la sinki kwa mafuta ya kukaangia na mabaki ya chakula, magadi, maji moto na brashi ndefu vitakusaidia. Lakini harufu yetu ilitulia siku mbili, ikarudi.

Baada ya hapo tukafanya jambo la kijinga ambalo nataka usilirudie. Mke wangu alikuwa ametia Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, chooni asubuhi. Mimi bila kujua nikaja na dawa ya kusafishia choo, ile kali yenye asidi, nikamimina juu yake na kufunga mlango ili "ifanye kazi". Alipoingia baadaye alitoka akikohoa na macho yakichuruzika. Jik ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma mapafu. Bafu dogo lisilo na dirisha ndipo mahali pabaya kabisa pa kulijua hilo. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na nyingine ingoje siku nyingine, au iache dukani.

Fundi wa kwanza aliangalia kwa dakika tano akasema choo kimezeeka. Tukanunua kipya. Wa pili alisema bomba limepasuka chini ya sakafu, akachimba uani siku mbili, hakupata kitu, akafukia. Ili asiondoke mikono mitupu akabadilisha bomba la chini ya sinki, akaweka lile la plastiki lenye mikunjo kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Nilimlipa shilingi 14,000 na nikamshukuru. Huyo huyo, kumbe, alituongezea tatizo.

Fundi wa tatu aliletwa na shangazi. Mzee wa makamo ya babangu, kofia ya sufu, mfuko wa vyombo uliochakaa. Hakufungua kitu. Aliomba kiti, akaomba chai, akaanza kuuliza kama daktari.

"Mwanangu, hapa maji mnapata siku gani?"

"Jumatano usiku na Jumamosi, Mzee. Mgao ukifuatwa."

"Na harufu inazidi lini?"

Nilikuwa sijawahi kuzipanga siku hizo mbili pamoja. Mke wangu ndiye aliyejibu, "Jumatano na Jumamosi." Mzee akacheka kidogo, akamaliza chai yake.

Alitueleza hivi. Chini ya kila tundu la maji machafu ndani ya nyumba lazima kuwe na kona ya bomba inayobaki na maji muda wote, kimo cha kama sentimita 5. Mafundi huiita trapu. Chooni ni yale maji unayoyaona yametulia bakulini. Maji hayo hayakusahaulika pale, ndiyo yanayoziba hewa ya bomba kuu isipande chumbani. Nyuma yake kuna manholi yako, lile shimo la majitaka lenye kifuniko, nyuma ya manholi kuna bomba la mtaa, na bomba la mtaa limeungana na mengine yanayoteremka kuelekea mitambo ya majitaka, mkubwa kabisa ukiwa kule Ruai. "Nyumba yako," akasema, "ina milango ya kwenda kwenye choo cha Nairobi nzima. Mingapi, unajua? Na mingapi iko wazi?"

Nilisema mitano. Tukazunguka tukihesabu pamoja, tukapata tisa.

Hapo ndipo ningekuomba uanzie, kabla hujampigia fundi yeyote: hesabu matundu yako. Usihesabu unayoyatumia tu. Sisi lililotuadhibu lilikuwa kwenye bafu dogo la nyuma, lililogeuzwa stoo tangu msichana wa kazi alipoolewa. Juu ya tundu la sakafuni palikuwa na gunia la mchele, ndoo mbili za rangi na baiskeli isiyo na gurudumu. Hakuna aliyekuwa amemwaga maji pale kwa zaidi ya mwaka. Maji ya trapu hukauka yenyewe, kama yanavyokauka ya sahani uliyoisahau dirishani, na Januari na Februari ya Nairobi hayachelewi. Mzee aliinua gunia, akamulika kwa tochi ya simu, akaniita. Chini kulikuwa kukavu, na vumbi juu. Niliinama na hewa ya baridi ikanipiga usoni, na ndani yake ile harufu tuliyokuwa tukiifukizia udi.

Akamimina ndoo nusu ya maji, halafu vijiko viwili vya mafuta ya kupikia yaelee juu ili yasikauke upesi. Ndoo nusu! Nilifikiria lile shimo la uani na nikanyamaza.

La pili lilikuwa jikoni. Lile bomba la mikunjo linatakiwa likunjwe kwa umbo la konokono na kufungwa libaki hivyo, ili lishike maji. Fundi wetu alilinyoosha kutoka sinki hadi ukutani kama mrija wa soda. Halikuwa na hata tone la kuzuia. Inama leo chini ya sinki lako uangalie, ni kazi ya nusu dakika. Na kama una mashine ya kufulia ambayo mpira wake umechomekwa moja kwa moja kwenye tundu la ukutani, ukiwa na nafasi pembeni, pale napo pakague: mara nyingi hapana trapu.

La tatu ndilo lililochukua siku, na ndilo lililoeleza Jumatano. Mzee alimtuma mwanangu juu avute maji ya choo, yeye akasimama chini bafuni akinyoosha kidole tunyamaze. Maji yakashuka ukutani, na kwenye tundu la sakafu tukasikia glu-glu-glu, kama mtu anayemalizia chupa. Akamulika. Maji ya trapu yalikuwa yamenyonywa, yamebaki nusu.

Maji yakianguka kwa wingi ndani ya bomba husukuma hewa mbele na kuvuta hewa nyuma. Kwa sababu hiyo kila mfumo hujengwa na bomba la hewa, lile linalopanda ukutani mpaka juu ya paa na halina kazi nyingine ila kupumua. Lisipokuwepo, bomba hutafuta hewa kwingine, na kwingine ni kwenye trapu zako. Siku ya mgao kila mtu hungojea maji kama mvua: vyoo vinavutwa vyote, ndoo za nguo zinamwagwa kwa mkupuo, na kila mkupuo unanyonya trapu. Usiku kunanuka. Kufikia Jumapili mtu akioga mara mbili tatu zinajaa tena, na sisi tunadhani udi umefanya kazi.

Bomba letu la hewa lilikuwa limekatwa. Tulipoweka paa la mabati lilikuwa njiani, wajenzi wakalikata chini ya mabati na kulisokomeza kitambaa na saruji. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pale siku ile nikihesabu misumari. Mzee alitoboa mabati, akaunganisha bomba jipya la plastiki, akalipandisha juu ya paa mbali na madirisha ya ghorofani, akafunga wavu mdomoni ndege wasijenge humo. Kazi yote, vifaa na bomba la jikoni ndani yake, haikufika nusu ya nilichomlipa yule mchimbaji.

Sasa, kama umekagua trapu zote na bado pananuka, kuna njia ya nyumbani ya kuukaribia mlango wenyewe. Usiku, ziba kila tundu la sakafu na la sinki kwa plastiki na gundi ya utepe (mifuko ya madukani ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini ile karatasi ya plastiki ya kufunikia chakula inatosha). Asubuhi funua moja moja na unuse pale pale. Usifungue mawili kwa pamoja, pua hudanganyika haraka. Kwa choo, shika bakuli ulitikise taratibu. Likicheza, au saruji ya nyuma pale linapoungana na bomba ina ufa, huko ndiko hewa inakopita, na hakuna sabuni itakayokusaidia. Sisi tulifanya na lingine, daftari: siku, saa, chumba, maji yapo au hayapo. Wiki moja ya daftari humwambia fundi mengi kuliko maneno "kunanuka tu". Fundi akiliona na kulisukuma kando, tafuta mwingine. Na yeyote anayetaka kuchimba kabla hajamwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu, mpe chai aende.

Wa magorofa mna shida yenu, kwani bomba lenu linapita vyumba vya watu kumi. Trapu yako ikiwa imejaa na bado inabubujika jirani wa juu akivuta maji, hilo ni la bomba la hewa la jengo zima, na ni la mwenye nyumba. Mpelekee msimamizi video ya ule mbubujiko pamoja na sauti yake. Malalamiko ya harufu hayapigwi picha.

Jambo moja sitanii nalo. Ile gesi ya mayai viza, haidrojeni salfaidi, ikiwa kidogo utainusa mara moja, lakini ikizidi hulemaza pua na ukadhani imeisha. Ndani ya manholi au tangi la choo inaua, na mara nyingi huua wawili: aliyeingia na aliyemfuata kumwokoa. Fungua kifuniko ukiwa nje, simama upande upepo unakotoka, usiwe na sigara wala kiberiti kwa maana humo huwa na gesi inayowaka, na usiingize kichwa kutafuta ufunguo ulioanguka. Mzee wetu, na miaka yake yote ya kazi, alilala kifudifudi akatumia kioo kilichofungwa kwenye fito.

Tumekaa mwaka mmoja na miezi sasa. Jumapili jioni mwanangu mkubwa hupita na kopo akimwaga maji kwenye matundu manne yasiyotumika, kwa ujira wa shilingi 20 ambao ameanza kudai uongezwe. Mamangu bado anafukiza, lakini Alhamisi tu, kama kwao.

Bado pananuka uani mvua kubwa zikinyesha, lile shimo dogo la chini ya bomba la jikoni hufurika na kurudisha. Mzee alilitazama akasema hilo si letu: kuna nyumba kwenye mstari wetu zilizoelekeza maji ya paa kwenye bomba la majitaka, na bomba halikujengwa kwa mvua. Ameninong'oneza ni nyumba zipi. Moja ni ya yule jirani aliyeuliza kama tunaungua, na kikao cha mtaa ni Jumamosi ijayo.