Swali la lugha: 510,510 husomwaje?

SWALI: Mwanangu ameandika 510,510 kwa maneno hivi: "elfu mia tano na kumi, mia tano na kumi." Mwalimu amemkosesha. Tena kitabu chake kinasema 7 ni kigawo cha namba hiyo, nami nimezoea kusema kigawe. Lipi sahihi?

JIBU: Mwalimu amekuwa mkali kidogo, maana koma ipo. Lakini koma haisikiki, na hapo ndipo penye utata. Elfu ikisimama peke yake ni elfu moja. Ikifuatwa na namba, huzidishwa kwa namba hiyo. Basi ukitamka "elfu mia tano na kumi" mmoja ataandika 510,000, wa pili 500,010, na wa tatu, kama yuko dukani, atakurudishia chenji ya 1,510. Wapo wanaokwepa mtego huo kwa kutanguliza hesabu: "mia tano na kumi elfu." Huo nao una mtego wake, kwani anayesikia "mia tano" kisha "kumi elfu" anaweza kupata 10,500.

Laki inamaliza ubishi: laki tano, elfu kumi, mia tano na kumi. Neno lilitoka Kihindi, limeshakuwa letu, na sioni sababu ya kuliona la sokoni tu.

Kuhusu 7, kitabu kiko sawa. Kigawo ni namba inayogawa nyingine bila kubakiza kitu. Kigawe ni ile inayogawika. Kwa hiyo 7 ni kigawo cha 510,510, na 510,510 ni kigawe cha 7. Ukisahau, kumbuka KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) na KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) za shuleni: kigawo hutafutwa kikubwa kwa sababu vigawo vina mwisho, kigawe hutafutwa kidogo kwa sababu vigawe havina mwisho.

Na mwenye kitabu alijua anachagua nini. 510,510 ni zao la namba tasa (zinazogawika kwa 1 na zenyewe tu) saba za mwanzo: 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 × 17. Ukiunda kigawo, kila moja unaweza kuichukua au kuiacha, kwa hiyo idadi ya vigawo vyote ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 128, ikiwemo 1 na namba yenyewe. (Wazazi tasa, watoto tele, lugha ina utani wake.)

Kujirudia kwa 510 pia kuna sababu: ni 510 × 1,001, na 1,001 ni 7 × 11 × 13. Mpe mtoto namba yoyote ya tarakimu tatu aiandike mara mbili, tuseme 246,246. Agawe kwa 7, jibu agawe kwa 11, kisha kwa 13: atarudi kwenye 246. Halafu aisome kwa sauti: laki mbili, elfu arobaini na sita, mia mbili arobaini na sita.