Ndoto ya kupaa utotoni

Dada, umeuliza kama ile ndoto ya utotoni, ya kupaa juu ya minazi hadi baharini, ina maana au ni usingizi tu. Naamini ina maana, ila si ya utabiri. Mtazame Nabii Yusuf: alimsimulia baba yake kwamba ameona nyota 11, jua na mwezi vikimsujudia (Qurani, Sura ya 12, aya ya 4). Ungedhani hamu yake ni cheo. Lakini ndoto ilipotimia, wazazi amewapandisha kwenye kiti cha enzi na ndugu wameinama, hakuomba ufalme zaidi. Aya ya 101 anaomba afe akiwa Muislamu na aunganishwe na watu wema. Hapo ndipo kiu yenyewe inaonekana.

Mimi niliota miaka mingi mlango wa chumba cha bibi, chemli inawaka ndani, nami sifiki. Bibi alikuwa akiamka usiku kuswali. Nilikuwa nasikia kata ikigonga mtungi anapotia udhu. Nadhani niliitamani sala yake kabla sijajua hata kuswali. Wewe ulipopaa, ulikuwa unaelekea wapi? Anzia hapo.