Kaunta buku moja inatosha
Mdogo wangu wa Wete, umeuliza ufanyeje usisahau hadithi gani umempelekea nani. Nunua kaunta buku, kila mchapishaji mpe ukurasa wake: anataka kazi gani, maneno mangapi, analipa lini, na tarehe uliyoyahakiki hayo. Hiyo tarehe usiiache kabisa! Mie niliwahi kupeleka mswada kwa masharti ya mwaka juzi, ukarudi haujasomwa. Niliumia sana. Tuzo ziwekee kurasa za nyuma, na majina yao yote, ya zamani na mapya. Ile ya Safal-Cornell, tuzo ya fasihi ya Kiswahili, ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Ukipeleka kazi, iandike kwa penseli na siku yake. Jibu likija, kwa wino. Kila tarehe mosi zipitie kurasa zote, hata ukiwa umechoka.